Vitimbi na Hadhira Yake Mjini Voi: Historia ya Hamu Iliyofifia

Inapotajwa historia ya vichekesho vya televisheni nchini Kenya, aghalabu husemwa kwamba hadhira ilivichoka vipindi kama Vitimbi na Vioja Mahakamani kwa sababu vilirudia mambo yale yale. Maelezo hayo ni mepesi kukubalika, lakini yanaliacha swali la msingi bila jibu. Ikiwa marudio ndiyo yaliyochosha, mbona hadhira iyo hiyo iliyafurahia miaka na miaka kabla ya kuyachoka? Mji wa Voi, na eneo la Taita Taveta kwa jumla, ni mahali pafaapo kulichunguza swali hili, kwa kuwa huko mabadiliko ya utazamaji yalifika kwa kuchelewa na kwa hatua zinazoweza kutenganishwa.

Televisheni ilianza kurusha matangazo nchini Kenya mwaka 1962. Mwaka 1964 serikali ililitwaa shirika la utangazaji na kuliita Sauti ya Kenya, jina lililodumu hadi mwaka 1989 liliporejeshwa lile la KBC. Kituo cha kibinafsi cha KTN kilipoanza mwaka 1990, kilianzia Nairobi. Kwa mtazamaji wa Voi, basi, ushindani wa vituo ulibaki kuwa habari ya magazetini kwa muda. Katika kipindi hicho chote uchaguzi wake haukuwa kati ya kipindi na kipindi; ulikuwa kati ya kutazama na kutotazama.

Jambo hili lisipozingatiwa, neno "kupenda" hutumika vibaya. Hadhira isiyo na kipindi kingine cha kukimbilia haiwezi kusemwa kwamba imechagua. Hata hivyo, itakuwa kosa vilevile kudai kwamba kicheko chake kilikuwa cha kulazimishwa.

Voi ni mji wa njia. Hapo ndipo reli ya kwenda Taveta, iliyojengwa wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia, inapoachana na ile kuu ya Mombasa na Nairobi. Kazi za reli, mashamba ya mkonge, mbuga ya Tsavo iliyotengwa mwaka 1948 na barabara kuu ya malori vilileta watu kutoka kila pembe ya nchi, wakaishi pamoja na Wataita, Wasagala na Wataveta. Vichekesho vya Sauti ya Kenya vilijengwa juu ya lafudhi: Mluo, Mkikuyu, Mluhya, Mkamba, kila mmoja akikivuta Kiswahili kwa upande wake. Kwa mtazamaji wa kijiji cha kabila moja, lafudhi hizo zilikuwa za watu wa kuigizwa tu. Kwa mtazamaji wa Voi zilikuwa sauti za jirani wa mlango wa pili, za utingo wa lori na za karani wa stesheni. Mzee Ojwang', mhusika mkuu wa Vitimbi, alizungumza Kiswahili chenye lafudhi ya Kijaluo, ilhali Benson Wanjau aliyemwigiza alikuwa Mkikuyu. Utani wa namna hiyo, wa mtu wa kabila moja kuvaa ulimi wa kabila jingine, ndio uliokuwa ukitendeka sokoni Voi kila siku. Lafudhi ya Kidawida, kwa upande wake, haikuwa miongoni mwa zile zilizozoeleka kwenye kioo. Mtaita aliweza kuwacheka wengine pasipo yeye kuchekwa, na haifai kuipuuza raha hiyo.

Mazingira ya utazamaji yalikuwa na uzito wake pia. Televisheni ilikuwa chombo cha wachache, mara nyingi ya rangi nyeusi na nyeupe, na mahali pasipo na umeme iliendeshwa kwa betri ya gari. Kwa hiyo ilitazamwa kwa pamoja: sebuleni mwa jirani, hotelini, kwenye baa. Watoto walikaa sakafuni, wageni wakasimama mlangoni, na kila mmoja alikuwa na la kusema juu ya Mama Kayai na mumewe. Kicheko kilitangulia kichekesho chenyewe. Mshtakiwa wa Vioja Mahakamani alipopanda kizimbani, hadhira ilikwisha kujua kwamba angejikanganya na kwamba hakimu angemkatiza, nayo ilingoja namna tu, si tokeo. Huu ndio mkao wa hadhira ya ngano. Msikilizaji wa hadithi za sungura hapunguziwi utamu kwa kuujua mwisho. Kuujua kwake ndiko kunakompa haki ya kuitikia.

Nadharia ya mapokezi inahitaji kutumiwa hapa kwa tahadhari. Hans Robert Jauss, katika mhadhara wake wa mwaka 1967 katika Chuo Kikuu cha Konstanz, alitumia dhana ya upeo wa matarajio, akaziweka karibu na burudani tupu kazi zisizoudai upeo huo ubadilike. Kwa kipimo hicho Vitimbi ingehukumiwa mapema. Lakini kipimo chenyewe kimetokana na msomaji mmoja aliyekaa peke yake na kitabu. Hakikuundwa kwa ajili ya watu ishirini waliobanana mbele ya kioo cha inchi kumi na nne.

Mabadiliko ya kwanza yalitokana na muundo wa masimulizi. Katika miaka ya 1990 tamthilia za mfululizo za Mexico, kama The Rich Also Cry, zilipata wafuasi wengi nchini Kenya. Vitimbi ilikuwa na visa vinavyojitosheleza: aliyekosa wiki mbili hakukosa kitu. Muundo huo uliwafaa watazamaji wa kuazima, ambao leo wamekaribishwa na kesho mwenye nyumba amesafiri. Mfululizo humtaka mtazamaji ahudhurie bila kukosa, na anayeweza kuhudhuria hivyo ni mwenye televisheni yake. Kadiri vyombo vilivyoongezeka majumbani, ndivyo muundo wa visa pweke ulivyopoteza sababu yake ya kuwapo. Yule yule aliyeitikia akiwa katikati ya kundi sasa alikaa na mkewe na wanawe watatu, na marudio yaliyokuwa mwaliko wa kuitikia yakaanza kusikika kama marudio.

Hii si kusema kwamba kazi zenyewe hazikuwa na udhaifu. Kituo cha serikali kiliruhusu mlalamikaji, shahidi na karani wachekwe; mamlaka hayakuchekwa. Baada ya kifungu cha 2A cha Katiba kufutwa Desemba 1991 na siasa za vyama vingi kurejea, hadhira ilipata mada mpya za mazungumzo ambazo kizimba cha Vioja hakikuweza kuzibeba. Kundi la Redykyulass lilipomwigiza Rais Moi mwishoni mwa miaka ya 1990, lilionyesha ni kiasi gani cha kicheko kilikuwa kimeachwa nje.

Inashangaza kwamba lafudhi zenyewe hazikuchosha. Papa Shirandula, iliyorushwa na Citizen, ilimweka mbele ya kamera bawabu mwenye lafudhi ya Kiluhya, naye Charles Bukeko aliyemwigiza, hadi kifo chake Julai 2020, alipendwa na watu ambao walikuwa wamekwisha kusema kwamba utani wa makabila umepitwa na wakati. Katika kituo hicho hicho, Davis Mwabili aliigiza Inspekta Mwala kwa jina lenye kiambishi Mwa-, kinachosikika sana katika majina ya Wataita na ya Wamijikenda. Hadhira ilikuwa imeondoka, lakini haikwenda mbali kama ilivyodai.

Wala mkusanyiko wenyewe haukufa, ulibadilisha kipindi. Katika miji ya njia kama Voi na Mwatate, watu waliendelea kulipa kiingilio na kubanana mbele ya kioo, safari hii kwa ajili ya kandanda ya Uingereza. Huko ndiko kulikohamia mwitikio, mabishano na kejeli zilizokuwa za Mzee Ojwang'. Mechi ina sheria zisizobadilika na wahusika wanaofahamika kama ilivyokuwa Vioja, ila mwisho wake haujulikani. Mitambo ya analojia ilipozimwa mwaka 2015 na kila nyumba ikahitaji king'amuzi, vituo vilikuwa vingi kiasi kwamba kukiacha kipindi hakukuwa tena tukio la kukumbukwa.

Benson Wanjau alifariki Julai ya mwaka uo huo. Aliombolezwa nchi nzima, na wengi wa walioomboleza walikuwa hawajatazama kisa kimoja cha Vitimbi kwa miaka. Walichokisimulia katika maombolezo hayo kilikuwa nyumba waliyotazamia, nani alikuwa na televisheni, nani alifukuzwa mlangoni. Visa vyenyewe walivitaja kwa nadra.