Hawakuogopa mbio

Michezo ya Afrika ilianzishwa na nani, Wazungu au sisi wenyewe? Swali hilo niliulizwa na kijana mmoja wa Chome, kule milimani Upare, wilayani Same. Ni swali fupi, ndugu msomaji, lakini jibu lake lina mambo.

Aliyelitoa wazo ni Mfaransa, Pierre de Coubertin, yule yule aliyefufua Olimpiki. Mwaka 1923 alitaka Afrika nayo iwe na michezo yake. Ikapangwa Algiers mwaka 1925, haikufanyika. Ikahamishiwa Alexandria, Misri, mwaka 1929. Uwanja ukajengwa ukakamilika, lakini dakika za mwisho michezo ikazuiwa. Waingereza na Wafaransa, waliotawala sehemu kubwa ya bara hili, hawakuitaka.

Waliogopa nini? Hawakuogopa mbio. Waliogopa mazungumzo ya jioni, baada ya mbio. Mtu wa Tanganyika akikaa na mtu wa Senegal, wataulizana habari za nyumbani, na habari za nyumbani zilikuwa moja: kutawaliwa.

Basi ikabidi uhuru uje kwanza. Nchi zilizotawaliwa na Ufaransa zilianza na Michezo ya Urafiki: Madagascar mwaka 1960, Abidjan mwaka 1961, Dakar mwaka 1963. Julai 1965, mjini Brazzaville, ikafanyika Michezo ya kwanza ya Afrika nzima, nchi zipatazo 30. Kipchoge Keino wa Kenya alishinda mita 1,500 na 5,000. Kwa hiyo wazo lilikuwa la Mzungu, lakini walioitimiza kazi ni Waafrika.

Michezo ya pili ilifanyika Lagos, Januari 1973. Hapo Filbert Bayi wetu akamshinda Keino katika mita 1,500. Mwaka uliofuata, huko Christchurch, New Zealand, Bayi akaweka rekodi ya dunia: dakika 3 na sekunde 32.2. Wa pili alikuwa John Walker, mwenyeji.

Ikaja 1976. New Zealand ilipeleka timu yake ya raga Afrika Kusini ya makaburu. Waafrika wakataka ifungiwe Olimpiki ya Montreal, wakakataliwa. Tanzania na nchi nyingine zaidi ya 20 zikasusia. Bayi akabaki nyumbani. Dhahabu ya mita 1,500 ikachukuliwa na nani? Na Walker.

Wapo wanaosema tulijipunja wenyewe. Ni kweli kwamba aliyelipa gharama ni mkimbiaji, si waziri, na deni hilo tusilisahau. Bayi alipata medali yake ya Olimpiki Moscow mwaka 1980, fedha, tena katika mbio nyingine, za kuruka viunzi na maji.

Lakini tukumbuke na hili: wale waliofunga milango ya Alexandria walijua walichokizuia. Walijua kwamba Waafrika wakizoea kukutana, ipo siku watasema "hapana" kwa sauti moja.