Injili: neno la pande mbili

Mkristo anayekwenda Pemba kuzungumza dini na "wasioamini" amekosea neno kabla hajavua viatu barazani. Wakazi wa kisiwa hicho karibu wote ni Waislamu. Kumwambia Mpemba haamini ni kumtukana.

Neno la kufungulia mazungumzo lipo: Injili. Asili yake ni Kigiriki, maana yake habari njema, nasi tumelipata kupitia Kiarabu. Mtoto wa chuoni, awe wa Wete au Chake Chake, hulijua mapema, kwani hufundishwa vitabu vinne: Taurati, Zaburi, Injili na Qurani. Kwake Injili ni kitabu alichoteremshiwa Nabii Isa. Kwa Mkristo ni ujumbe wenyewe, tena ni jina la vitabu vinne, kuanzia Mathayo hadi Yohana. Hapo ndipo penye utamu wa maongezi (na ubishi pia).



Tafsiri ya Biblia Habari Njema hupenda kusema "Habari Njema" palipozoeleka "Injili". Huko bara hilo si tatizo. Kwa Pemba, Injili ndilo linalofaa.