Msaragambo wa barabara: jinsi ya kutengeneza njia iliyoliwa na maji

Kila masika, njia nyingi za magari milimani Same, Mwanga na Lushoto huharibika. Lori haliwezi kupanda kuchukua tangawizi, na mama mjamzito hubebwa kwa machela hadi barabara kubwa. Wananchi wengi hawasubiri greda, hutoka wenyewe na majembe. Upareni kazi hii ya kujitolea huitwa msaragambo, na neno hilo sasa linatumika hata nje ya Upare. Hapa tunaeleza kwa nini njia huharibika na ni kazi gani ya mikono inayodumu.

Kwa nini kifusi peke yake hakitoshi

Adui mkubwa wa barabara ya udongo ni maji. Matairi huchimba mifuo miwili. Mvua ikinyesha, maji hushuka kwa kasi ndani ya mifuo hiyo badala ya kutoka pembeni, na hubeba udongo. Baada ya misimu michache mfuo umekuwa korongo. Tukimwaga kifusi bila kuyatafutia maji njia yake, mvua kubwa ya kwanza hukizoa. Ndiyo sababu vijiji vingi hurudia kazi ileile kila mwaka.

Kazi nne za kufanya

1. Mgongo. Katikati ya njia pawe juu kuliko kingo. Kwa njia ya upana wa mita 4, katikati pazidi kingo kwa sentimita 10 hadi 12.

2. Mitaro na michepuo. Chimbeni mtaro kando ya njia, kisha michepuo ya kutoa maji mtaroni na kuyapeleka mbali. Maji yatoke kidogokidogo sehemu nyingi, yasikusanyike mahali pamoja.

3. Vizuizi vya mawe. Penye mteremko, pangeni mawe kukatisha mtaro ili kupunguza kasi ya maji. Njia ikishuka mita 5 kwa kila mita 100, weka kizuizi kila mita 20. Ikishuka mita 10 kwa kila mita 100, weka kila mita 6. Katikati ya kizuizi pawe chini kuliko pembeni, maji yasije yakakata ukingo.

4. Mifuko ya udongo. Penye tope panaponasa magari, jazeni mifuko kwa changarawe au udongo mzuri, mifunge, ipangeni na kuishindilia. Mbinu hii inatoka Japani na huitwa do-nou. Shirika la Kijapani la CORE limeifundisha kwa vikundi vya wananchi nchini Kenya. Mifuko ifunikwe kwa changarawe, kwa sababu jua huozesha mifuko ya plastiki.

Maji yanakwenda kwa nani?

Hapa ndipo msaragambo huzaa ugomvi. Mchepuo unaookoa barabara unaweza kufukua shamba la jirani wa chini. Kabla ya kuchimba, pita na mwenye shamba mkubaliane maji yatokee wapi. Penye nyasi nene au mawe panafaa zaidi kuliko kwenye tuta la mahindi. Mdomo wa mchepuo uwekwe mawe na kupandwa nyasi za vetiva, ambazo mizizi yake huingia chini sana na kushika udongo.

Ruhusa na wakati

Anzeni ofisi ya kijiji. Kama barabara iko chini ya TARURA, wakala wa barabara za vijijini na mijini ulioanzishwa mwaka 2017, mtendaji awasiliane na ofisi yao ya wilaya. Wataalamu wanaweza kuwaonyesha mahali pa kuweka kalavati, kazi ambayo haifai kukisiwa.

Kazi ya udongo ifanyike mara mvua zinapokatika, ardhi ikiwa bado na unyevu, kwa kuwa udongo mkavu haushikani ukishindiliwa. Kabla ya vuli na kabla ya masika, zibueni mitaro yote.

Mwisho, gawaneni njia kwa kaya, kila kaya na kipande chake. Mtaro ulioziba majani huzibuliwa kwa jembe moja asubuhi moja. Ukiachwa hadi maji yahamie barabarani, mtahitaji kijiji kizima. Usipoziba ufa, utajenga ukuta.