Neno la Kuchuna Ngozi



Siku hizi hata majumbani mwetu husikika maneno haya: "Babu, unam-spoil mtoto." Makusudio ni kwamba babu anamdekeza mjukuu, anamwengaenga mpaka hashikiki. Mimi ni mmoja wa wanaoambiwa hivyo, basi nikaona nilifuate neno hili nijue lilikotoka.

Asili yake ni Kilatini, lugha ya Warumi. Spolium kwao ni ngozi aliyochunwa mnyama. Kisha wakaziita hivyo silaha na mavazi anayovuliwa adui aliyeuawa vitani. Mwaka 222 kabla ya kuzaliwa Nabii Isa (a.s.), jemadari wao Marcellus alimwua kwa mkono wake mfalme mmoja wa makabila ya Gaul, akamvua silaha, akazipeleka hekaluni kwa mungu wao Jupiter.

Sasa tazama ajabu. Kiarabu si jamaa wa Kilatini, lakini kina neno salab, nalo limepita njia ile ile. Salab ya mnyama aliyechinjwa ni ngozi yake na kongoro zake. Salab ya aliyeuawa vitani ni nguo zake na silaha zake. Siku ya Hunayn, mwaka wa 8 wa Hijra, Mtume (s.a.w.) alihukumu kuwa aliyemwua adui na akawa na ushahidi, salab ni yake. Abu Qatada (r.a.) alisimama mara tatu kutafuta wa kumshuhudia. Ndipo akapewa deraya, akaiuza, akanunua bustani. Hata nguo ya adui, basi, haikuchukuliwa hivi hivi tu.

Neno la Kirumi likapitia Ufaransa, likafika Uingereza kiasi cha mwaka 1300, nalo lingali la kuvua na kunyang'anya. Biblia ya Kiingereza ya mwaka 1611 hulitumia kwa Wana wa Israili walipotoka Misri na mapambo ya Wamisri. Kijana wa leo akisoma hudhani Wamisri walidekezwa! Baadaye kilichovuliwa kikahesabiwa kimeharibika, na kufika karne ya 17 neno likawa la chakula kilichooza na la mtoto aliyedekezwa.

Kwa hivyo anayenilaumu kwa neno hili ananishtaki kuwa nimemvua mjukuu wangu kitu. Nami nikijihukumu kwa haki, siwezi kukana. Kila nilipompa alichokililia, nilimvua subira kidogo, na mtoto hajui kuwa amevuliwa, kwa kuwa mkononi ameshika halua.

Kiswahili chetu husema kudekeza, neno lisilo ngozi wala damu. Nimemwomba mkwe wangu anishtaki kwa hilo.