Mstari wa mita 2,13: jinsi pikoboli ilivyozuia mwenye nguvu kumiliki wavu

Wakati wa kiangazi cha mwaka 1965, kwenye kisiwa cha Bainbridge, karibu na mji wa Seattle katika jimbo la Washington, Marekani, jamaa moja ilikuwa likizoni bila la kufanya. Mwenye nyumba, Joel Pritchard, alikuwa mjumbe wa bunge la jimbo. Aliporudi kutoka kucheza gofu na rafiki yake Bill Bell, walikuta watu wa nyumbani wamechoka kukaa bure. Kulikuwa na kiwanja cha zamani cha badimintoni, lakini vifaa vyake havikutimia. Basi wakachukua raketi za mbao za pingi-pongi na mpira wa plastiki wenye matundu, wakaanza kucheza. Ndivyo ulivyozaliwa mchezo unaoitwa leo pikoboli.

Mwanzoni wavu ulifungwa juu kama wa badimintoni, kwenye sentimita 152. Lakini walipoona mpira unadunda vizuri kwenye lami, waliushusha mpaka sentimita 91. Wikendi iliyofuata alifika rafiki wa tatu, Barney McCallum. Watatu hao wakatunga kanuni, wakishika wazo moja: mchezo uwe wa jamaa nzima, wakubwa kwa wadogo.

Kushusha wavu kunaleta shida. Kiwanja chenyewe ni kidogo: urefu mita 13,4 na upana mita 6,1, sawa na kile cha badimintoni ya wachezaji wawili kwa wawili. Mtu mrefu akisimama kifuani mwa wavu mfupi namna hiyo, anaweza kuugongomea chini kila mpira kabla haujadunda. Mtoto ao bibi aliye upande wa pili hana la kufanya. Mchezo wa jamaa nzima ungegeuka mchezo wa mtu mmoja.

Dawa yake ni mstari. Kila upande wa kiwanja una eneo la mita 2,13 kutoka kwenye wavu, ambalo wachezaji wanaliita jiko. Wengi wanafikiri ni marufuku kuingia jikoni, lakini sivyo. Mchezaji anaweza kuingia wakati wowote. Kinachokatazwa ni kupiga mpira ungali hewani huku amekanyaga ndani ya eneo hilo ao kwenye mstari wake. Hata akiupiga akiwa nje, kisha kasi ya mwili ikamsukuma ndani, ni kosa. Mpira ukishadunda, yuko huru kuingia na kuupiga.

Kanuni nyingine inasaidia hiyo. Mpira wa kuanzisha unapigwa kutoka chini kwenda juu, kwa mshazari, na sharti upite jiko. Anayeupokea anangoja udunde. Nao walioanzisha wanangoja udunde unaporudi kwao. Kwa hiyo hakuna anayeweza kuanzisha na kukimbilia wavuni papo hapo ili kumaliza kazi.

Matokeo yake ni kwamba nafasi ya kusimama ilipata thamani kuliko nguvu ya mkono. Upande unaopokea ndio unaotangulia kufika mbele, kwa kuwa ukisharudisha mpira hauna tena la kungoja. Walioanzisha wanabaki nyuma kwa muda, na kazi yao ya kwanza ni kutafuta njia ya kupanda mbele.

Mwaka 1976, mashindano ya kwanza yanayojulikana yalifanyika Tukwila, katika jimbo hilohilo la Washington. Wengi waliojiandikisha walikuwa wanafunzi wa chuo waliozoea tenisi, na pikoboli hawakuijua sana. Mwaka 1984 chama cha taifa kiliundwa na kitabu cha kanuni kikatolewa. Mwaka huohuo Arlen Paranto, fundi wa kiwanda cha ndege cha Boeing, alitengeneza raketi nyepesi kwa vipande vya vifaa vinavyotumika katika ndege. Raketi zilibadilika, lakini jiko lilibaki.

Kwa sababu ya jiko, mtu anayetaka kucheza vizuri karibu na wavu anajifunza mambo matano.

La kwanza, asimame nyuma kidogo tu ya mstari wa jiko, si katikati ya kiwanja. Aliye katikati anapigiwa mipira miguuni, na mpira wa miguuni ni mgumu kuurudisha.

La pili, raketi iwe mbele ya kifua, magoti yamekunjwa kidogo. Pande mbili zikiwa kwenye mistari yao, zinatengana kwa mita 4,3 hivi. Aliyeshusha mkono hapati muda wa kuupandisha.

La tatu, walioanzisha wasitegemee kupiga kwa nguvu. Mpira wa tatu unapigwa polepole, ushuke ndani ya jiko la wapinzani. Hapo wapinzani hawawezi kuugongomea, na wenzao wanapata nafasi ya kupanda mbele. Lakini kila mpinzani anapotaka kupiga, wasimame kwanza. Mtu anayekimbia hawezi kugeuka.

La nne, wawili watembee pamoja kama waliofungwa kamba. Mmoja akivutwa kushoto, mwenzake anasogea kushoto. Wakitengana, tundu la katikati linakuwa wazi, na hapo ndipo wavu ulipo mfupi zaidi: sentimita 86, wakati kandoni ni 91.

La tano ni uvumilivu. Mipira laini inapita juu kidogo ya wavu, jikoni kwa jikoni, mpaka mmoja anyanyue mpira wake kupita kiasi. Huo ndio wa kushambulia.

Hayo yote mtu wa miaka 70 anaweza kuyafanya mbele ya kijana, na kijana akashindwa. Ndiyo maana Marekani babu na mjukuu wanakutana kwenye kiwanja kimoja bila mmoja kumhurumia mwingine. Mwaka 2022 jimbo la Washington liliufanya mchezo huu kuwa mchezo wake rasmi.

Historia hiyo ina neno pia kwa yeyote anayepanga michezo ya watoto mtaani ao kwenye site ya waliohama, ambako wakubwa na wadogo wanagawana uwanja mmoja na mpira mmoja. Mara nyingi mwenye nguvu anafukuzwa ili wadogo wacheze, ao wadogo wanawekwa kando watazame. Watu wa Bainbridge hawakumfukuza mtu mrefu. Walichora mstari, wakamwambia asigongomee akiwa mbele yake, naye akalazimika kujifunza kucheza na wengine. Mstari wa namna hiyo unaweza kuchorwa kwa chokaa, kwa jivu, hata kwa ncha ya kijiti.