Ushiriki wa wafanyakazi katika usalama kazini (Gitega na Muyinga)

Utaratibu unaompa mfanyakazi nafasi ya kutaja hatari, kupendekeza namna ya kuiondoa na kukataa kazi inayoweza kumuua. Mkataba Na. 155 wa Shirika la Kazi Duniani (ILO), wa mwaka 1981, unamlinda anayejiondoa kwenye hatari kubwa iliyo karibu, na unakataza kumbebesha mfanyakazi gharama za usalama.

Gitega, mji mkuu wa kisiasa wa Burundi tangu 2019, na Muyinga, kaskazini mashariki, zote ni sehemu za kahawa. Kwenye vituo vya kuoshea kahawa, mashine ya kumenya inaweza kukata vidole vya anayesukuma matunda yaliyokwama bila kuizima. Kwenye ukoboaji kuna vumbi la maganda, kelele na magunia ya kilo 60. Kuli ndiye ajuaye ubao upi wa kupandia lori umeoza. Asipoulizwa hasemi, hasa akiwa kibarua wa msimu anayeogopa kutoitwa kesho.

Kwa hiyo motisha ya kwanza ya kushiriki ni uhakika kwamba kusema hakumpotezei mtu kazi. Ya pili, kuona ule ubao umebadilishwa siku hiyo hiyo. Zawadi za kutimiza mwezi bila ajali ni hatari: watu huficha majeraha, na jeraha lililofichwa ni vigumu kulidaia fidia kwa INSS, taasisi ya hifadhi ya jamii. Vikao vya usalama vifanyike kwa Kirundi au Kiswahili, ndani ya saa zinazolipwa. Vikao hivyo vinaweza kuwa na muundo rasmi: nchini Kenya, kwa mfano, sheria ya usalama kazini ya 2007 inadai kamati ya usalama, yenye wawakilishi wa wafanyakazi, penye watu 20 au zaidi.