Mlezi mmoja, watoto wangapi?

Huko England, mtu anayelea watoto wa wengine nyumbani kwake kwa malipo hufuata hesabu ya sheria. Kwa kawaida, walio chini ya miaka 8 wasizidi 6, pamoja na watoto wake mwenyewe. Kati yao, wadogo wasizidi 3, na mmoja tu awe chini ya mwaka 1. Wa miaka 4 na 5 wanaokuja kabla au baada ya masomo tu wanaweza kuongezwa juu ya hao 3, lakini jumla ibaki 6.

Sheria hiyo si yetu, ila inatuuliza: katika Shule ya Jumapili, mwalimu mmoja tunamwachia watoto wangapi? Mmoja akitoka nje, nani atamfuata, na nani atabaki na wengine? Wapendwa, tuwahesabu kabla ya kuwapokea.